Mjadala: Mgonjwa wa saratani ashindishwe na njaa ili "seli zijile"?

Mwenye mada, Lamu: Tangu juzi hapa barazani Mkunguni inazunguka sauti ya WhatsApp: eti Mjapani kapewa Nobel kwa kugundua kwamba ukishinda na njaa siku tatu, mwili unaila saratani. Mama yangu mdogo ana saratani ya kongosho, kabaki mifupa, na majirani wanamwondolea bakuli la uji mkononi. Napinga. Yoshinori Ohsumi alipewa Nobel mwaka 2016 kwa utafiti alioufanya kwenye hamira: alionyesha jinsi seli inavyojila, yaani inavyosaga vipande vyake vibovu na kuvitumia upya. Ndiyo otofajia. Saratani hakuitibu, na hamira haifungi Ramadhani.

Jirani, Langoni: Usikejeli saumu, mwanangu. Njaa huamsha huko kujila, hata wewe hukatai. Kibaya kipi?

Mwenye mada: Sikatai, mzee wangu, na saumu siigusi, mgonjwa kesharuhusiwa kula. Ila seli ya saratani nayo hujila, na inanufaika. Chukulia jahazi forodhani. Kila seli hutandaza sitahani, juu ya meza ya maonyesho, vipande vya shehena yake ya protini, na seli T za kinga hupita zikikagua; zikiona kigeni, zinaua. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kuwa seli za saratani ya kongosho huivuta ndani ile meza ya maonyesho na kuisaga kwa otofajia hiyo hiyo. Mkaguzi anapita, sitaha tupu.

Muuguzi, Malindi: Hapo sawa, ila msikimbilie upande wa pili. Jana kuna aliyeniuliza kama anunue klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, maana huzuia otofajia. Kwa panya waliopewa, kweli, meza ilirudi. Kwa binadamu, ndugu yake haidroksiklorokwini ilijaribiwa pamoja na kemo, dawa za kuua seli za saratani, kwa saratani ya kongosho; waliokuwa hai baada ya mwaka hawakuongezeka. Tena seli inayouawa na baadhi ya dawa za kemo huhitaji otofajia ili imwage kemikali iitwayo ATP, ishara ya kuita kinga. Seli T zenyewe zinaihitaji ziishi. Ukiizima kila mahali, umezima na askari wako.

Jirani: Mimi nimemwona kwa macho yangu mtu wa hapa hapa, alifunga akapata nafuu.

Muuguzi: Bila dawa yoyote, mzee?

Jirani: Alikuwa akivuka Mokowe kwenda Mombasa kila wiki tatu.

Mwenye mada: Kufanya nini, mzee wangu?