Thomas More ni Muingereza, mbona Utopia kaiandika kwa Kilatini?

msomaji_usiku
Habari za jioni wakuu. Nasoma fasihi ya Kiingereza mwaka wa pili, tumefika kipindi cha Renaisansi (mwamko wa elimu na sanaa Ulaya) na kuna kitu kinanisumbua. Utopia, kile kitabu chake cha kisiwa cha kubuni chenye jamii bora, kimechapwa 1516 kule Leuven (Ubelgiji ya leo) kwa Kilatini, tafsiri ya Kiingereza ya Ralph Robinson inakuja 1551, More mwenyewe alishakatwa kichwa tangu 1535. Na humo ndani anawalilia wakulima wanaofukuzwa mashambani ili matajiri wafuge kondoo wa sufu, mpaka anasema kondoo siku hizi wanakula watu. Sasa unamtetea mkulima kwa lugha asiyoijua? Mwenzangu darasani anasema alimuogopa mfalme Henry VIII, mimi sijaridhika.

kalamu_nyeusi
Mkuu, woga peke yake hautoshi. Kilatini ndo ilikuwa lugha ya wasomi Ulaya nzima, na aliyesimamia kitabu kichapwe ni rafiki yake Erasmus, msomi wa Kiholanzi. Ukiandika Kiingereza wakati ule unasomwa kisiwani basi. More alikuwa anaongea na wasomi wenzake na washauri wa wafalme, hao ndo wenye uwezo wa kumrudishia mkulima shamba lake.

mama_vitabu
Niongezee hapo maana hii habari naipenda sana. Mtafute William Tyndale, aliyetafsiri Biblia kwa Kiingereza. Inasimuliwa alimwambia padri mmoja kwamba Mungu akimpa uhai, atafanya kijana anayeswaga plau ayajue Maandiko kuliko huyo padri, akakimbilia Ujerumani, Agano Jipya lake la Kiingereza likatoka mji wa Worms 1526 likaingizwa Uingereza kwa magendo ndani ya marobota ya nguo. Sasa angalia, 1528 Tunstall askofu wa London anampa More ruhusa asome vitabu vya wazushi wa dini, akina Tyndale, ili awajibu, na anamtaka ajibu kwa KIINGEREZA. More akaandika kweli, 1529 na akaendelea. Kwa hiyo ni mtu yuleyule, akitaka wasomi anashika Kilatini, akitaka watu wa kawaida anashika Kiingereza. Tena 1532 anasema heri asaidie kuvichoma vitabu vyake mwenyewe kwa mikono yake kuliko vitafsiriwe kwa Kiingereza halafu watu wadhurike. Tyndale wakamnyonga 1536 karibu na Brussels, mwili wakauchoma moto. Inaniuma mpaka leo, wote wawili walikuwa watu wa vitabu.

msomaji_usiku
Dada hii ya 1532 imenifungua macho, asante sana. Yaani hakusahau kutafsiri, hakutaka. Kiingereza kikaja kupata heshima lini sasa?

pwani_kusoma
Taratibu mno. 1582 mwalimu Richard Mulcaster, aliyemfundisha mshairi Spenser, anaandika kwamba Kilatini anakiheshimu ila Kiingereza anakiabudu, ukiona mtu anatetea lugha ya mama yake hivyo ujue bado inadharauliwa. Jukwaani ndo ilishinda mapema, maana kule anayelipa peni moja asimame uwanjani anataka aelewe, waandishi wa tamthilia kama Marlowe na Shakespeare wasingeweza kumpa Kilatini. Nyerere alipomleta Juliasi Kaizari wa Shakespeare kwa Kiswahili 1963 nadhani alilijua hilo vizuri. Lakini kwa wanafikra mambo yalikuwa bado, Francis Bacon 1605 anatoa kitabu cha maendeleo ya elimu kwa Kiingereza, 1620 Novum Organum anaandika Kilatini, na 1623 kile cha kwanza anakitoa upya kwa Kilatini kikiwa kimepanuliwa, mwaka uleule tamthilia 36 za Shakespeare zinachapwa pamoja London kwa Kiingereza.