Mrejesho: yule mchoraji wa Kigoma niliyekwama

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza nifanyeje maana nachora mabango na picha za ukutani ila kichwa kilishakauka, nakopi tu vya mtandaoni. Mkanishauri niache simu, nisome, nitembee.

Kusoma nimefeli kiukweli, kurasa kumi usingizi huo. Ila aliyesema niende mwaloni (pale wavuvi wanaposhushia samaki) alfajiri Mungu ambariki. Nimeenda Kibirizi mara nne, mitumbwi inarudi, akina mama washaanza kuanika dagaa, ndo nikagundua dagaa wabichi sio rangi ya fedha tupu kama nilivyokuwa nachora siku zote, kuna ka-bluu mgongoni jua likipiga, wakianza kukauka tu kanapotea. Nilihangaika kuchanganya hiyo rangi siku tatu mpaka ikakubali. (Kipindi cha mbalamwezi msiende, hawavui, mimi nilikuta mbwa tu.)

Ujiji pia nilienda, pale kwenye miembe walipokutana Livingstone na Stanley 1871, sikupata kitu. Stori ya Liemba ndo ilinishika: meli ya kutengenezwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Nimeichora ikiwa bado chini ya ziwa, samaki wanachungulia madirishani.

Dada mmoja mwenye saluni huku Mwanga kaiona, anataka nimchoree ukutani kwake, ila niongeze mwanamke kasuka rasta. Naongeza, hela ni hela.