Jarida la watoto kuitwa tangazo la mganga, tena kwenye maiki! Huyu bwana ametuzoea

Ticha wa Zamu:
Wakuu, habari za jioni. Zangu si nzuri, kwa hiyo salamu nyingine tupeane kesho.

Simtaji jina. Hana haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kufundisha shule ya msingi kwenye kata yetu anamjua: yule wa suti ya kaki, shughuli ikipangwa saa mbili yeye anaingia saa nne, halafu anauliza kwa nini hamjaanza. Huyo huyo.

Leo ilikuwa siku ya wazazi. Watoto wangu wa klabu ya TEHAMA, wa darasa la tano na la sita, wametoa jarida la shule. Kurasa nane, karatasi za A4 zimekunjwa katikati, wamelipanga wenyewe kwenye Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, mwanzo mpaka mwisho. Kuna mahojiano na mama anayetupikia uji, kuna mafumbo, kuna habari ya mechi tuliyofungwa (mwandishi kaandika tulionewa na refa, nikamwachia, uhuru wa vyombo vya habari huo). Na kompyuta zenyewe ni zile za msaada. Ukiiwasha unaenda kusahihisha madaftari ya hisabati ya mkondo mzima, ukirudi ndiyo kwanza inakukaribisha.

Basi yule bwana wa suti ya kaki, ndiye aliyekuwa mgeni wetu, akapewa nakala ya kwanza. Akaishika kwa vidole viwili kama ameokota soksi ya mtu, akaiinua juu wazazi wote waione, akasema kwenye maiki: "Mwalimu, hili ni jarida au tangazo la mganga wa kienyeji?"

KWENYE MAIKI. Spika zenyewe za kukodi, zile za harusi. Kijiji cha pili walisikia, cha tatu wakaulizia mganga anapatikana wapi.

Wazazi wakacheka. Mwenyekiti wa kamati ya shule akacheka mpaka akavua miwani. Mwalimu mkuu, aliyeniambia jana tu kuwa kazi ni nzuri, naye akacheka, ila huyo namsamehe, ana barua ya uhamisho inasubiri saini ya mtu.

Eti rangi ni nyingi. Eti herufi ni kubwa mno. Kwani watoto wa miaka kumi na moja walitakiwa watoe Gazeti la Serikali? Akamalizia kwamba shuleni ni Word tu, Times New Roman, saizi 12, mengine ni utoto. Utoto! Shule ya msingi! Na anayesema hivyo ni mtu ambaye akitaka kichwa cha barua kikae katikati anabonyeza spesi mpaka kidole kinakufa ganzi. Nimemwona kwa macho yangu.

Mhariri wangu ni binti wa la sita. Anajua mwenyewe kwamba vile vitone vitatu vikitokea chini ya kisanduku cha maandishi, maana yake kuna maneno yamebaki ndani na hayatachapwa. Ama upunguze maneno, ama uvute kisanduku. Alikata aya nzima ya rafiki yake, wakanuniana mpaka Ijumaa. Hiyo ni kazi ya chumba cha habari, inafanywa na mtoto wa sare ya bluu. Kwenye Word wangefikia wapi? Unasogeza picha kidogo tu, aya zote zinahama kata.

Tangazo la mganga!

Na hakuirudisha ile nakala. Alianza KUJIPEPEA nayo. Ukurasa wa mbele wenye picha ya shule unapita mbele ya pua yake, huku na huku, mpaka wali ulipokuja.

Natetemeka ninavyoandika. Mtu mzima, mwenye wajukuu, mbele ya watoto, kwenye maiki.

Mkeka wa Mbele:
Nimeshakaa. Anayekuja aje na kashata.

Kombo la Bara:
Tupia picha ya hilo jarida tuamue wenyewe.

Ticha wa Zamu:
Siwezi, kuna sura za watoto. Na hoja si jarida. Hoja ni maiki.

Mama Pacha:
Pole mwalimu. Nilikuwepo, wanangu wapo hapo hapo. Yule bwana simtetei, mdomo wake tunaujua tangu enzi za ile harambee ya choo. Lakini tuambizane ukweli. Jina la jarida limeandikwa kwa WordArt ya rangi ya upinde wa mvua, limejipinda, lina kivuli, na kivuli nacho kina rangi. Ukurasa wa nyuma kuna jicho moja kubwa.

Ticha wa Zamu:
Jicho ni alama ya ukurasa wa chemsha bongo!

Mama Pacha:
Sawa. Jicho kubwa, chini yake herufi nyekundu: FUMBUA FUMBO LAKO LEO.

Kombo la Bara:
😂😂😂 Nimetoka nje ya daladala. Ticha, hapo hata mimi ningeomba namba ya simu.

Mkeka wa Mbele:
Mvuto wa biashara bei gani kwa toleo moja?

Ticha wa Zamu:
Chekeni tu. Mnajua watoto waliniambiaje baada ya shughuli? "Mwalimu, toleo lijalo tuweke na namba ya simu?" Ndipo alipotufikisha yule bwana.

Kombo la Bara:
Watoto wana akili ya soko kukushinda. Waachie ofisi.

Steshenari ya Stendi:
Mada imenigusa. Nyie walimu wa Publisher mnatutesa. Mtu anakuja na flashi imejaa virusi, ndani kuna faili la pub, yaani la Publisher. Mashine yangu haina fonti aliyotumia, inaweka nyingine, maneno yanatoka nje ya boksi, mtihani wa la nne unakatika katikati ya swali, jioni ananipigia simu kunigombeza. Sevuni kwa PDF jamani! Fonti zinaingia humo humo, kila kitu kinakaa mahali pake. Ni mibonyezo miwili.

Na kijitabu mkiagiza kichapwe pande mbili, semeni karatasi igeuzwe upande gani. Karatasi ya kukunja inageuzwa kwa ukingo mfupi. Ikigeuzwa kwa ukingo mrefu, nyuma kote kunatoka kichwa chini.

Ticha wa Zamu:
Ngoja kwanza. Nakala zetu, ukurasa wa 2, 4, 5 na 7 zimetoka kichwa chini. Stendi ipi wewe?

Steshenari ya Stendi:
Sijasema ni mimi. Nimeeleza kitaalamu. Ila kuna shule moja ilichapa jarida ikalipa nusu, nayo haisemi humu.

Mkeka wa Mbele:
Kashata imefika wakati mzuri.

Kombo la Bara:
Kumbe yule bwana hakuwa anajipepea. Alikuwa anaigeuza asome.

Stensili Mkongwe:
Nyie mnalia na vivuli vya WordArt. Sisi tulichapa mitihani kwa stensili, mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino mpaka kwenye kola ya shati. Ukikosea herufi unapaka dawa, unasubiri ikauke, unagonga upya. Kompyuta ilipokuja tukafundishwa PageMaker, ile programu ya kupanga kurasa ya kampuni ya Aldus, kabla Adobe hawajainunua kampuni nzima mwaka 1994. Hakuna mtoto aliyeguswa na kompyuta wala kompyuta iliyoguswa na mtoto. Na tulifaulu.

Mama Pacha:
Mzee shikamoo. Ila hapo kwenye kufaulu lete cheti.

Mnywa Chai wa Nairobi:
Ndugu zetu mnachekesha. Mnateta juu ya jarida ambalo shule imelipanga yenyewe? Huku Kenya mzazi ndiye mchapishaji. Saa mbili usiku mtoto anakumbuka kesho anatakikana na picha za wanyama, za rangi, ziwe zimeprintiwa. Unazunguka mtaa mzima ukitafuta saiba iliyo wazi, ukiipata stima zinapotea. Hiyo ndiyo CBC, mtaala wetu wa umilisi. Na mwaka wa 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikaletwa tableti. Za shule ya mtaani kwetu ziko stoo, ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko semina.

Kombo la Bara:
Jirani fungua uzi wako. Hapa tunaomboleza jarida.

Mwalimu Sina Deni:
Afadhali stoo. Sisi tulipewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Changu kimeshafika kwa mtoto wa bosi wangu, anachezea gemu. Nikikiulizia naambiwa kiko chaji. Chaji gani hiyo ya tangu mwaka juzi?

Ticha wa Zamu:
Na Publisher haiingii kwenye kishikwambi, ni ya Windows peke yake. Lakini wakuu tusitoke kwenye mada. Huyu mtu alisema tangazo la mganga KWENYE MAIKI.

Bingwa wa Masasisho:
Wote mnagombania maiti. Microsoft wameshatangaza, Publisher mwisho wake ni Oktoba 2026. Wenye ile ya kulipia kila mwezi hawataweza hata kufungua mafaili yao. Wenye ile ya kununua mara moja itaendelea kufunguka, ila haitahudumiwa tena. Geuzeni kazi zenu ziwe PDF sasa hivi.

Steshenari ya Stendi:
NIMESEMA NINI MIMI?

Mwalimu Sina Deni:
Hapo kwenye "ya kulipia" sisi hatumo. Ya kwetu aliiweka kijana mmoja kwa soda.

Bingwa wa Masasisho:
Basi tumieni Scribus, ni ya bure na haina janjajanja. LibreOffice Draw nayo inafungua mafaili ya pub, ila mpangilio unaweza kuyumba.

Mama Pacha:
Scribus niliijaribu kwa kadi ya kipaimara. Mpaka nikaweza kuandika jina la mtoto, kipaimara kimepita.

Kombo la Bara:
Si mhamie Canva ya mtandaoni? Walimu wa shule za msingi na sekondari wanapewa ile ya elimu bure, ukithibitisha tu kuwa ni mwalimu.

Mwalimu Sina Deni:
Ya bure, na bando? Watoto arobaini, kompyuta nne, intaneti ni simu yangu imewashwa hotspoti. Wakifungua picha tatu nimebaki na SMS za kuaga.

Ticha wa Zamu:
Ndiyo maana nilichagua programu isiyohitaji intaneti! Mmeona sasa? Halafu mtu anakuja kujipepea nayo!

Mnywa Chai wa Nairobi:
Bando za kwenu angalau zina bei. Huku nilinunua ya siku nzima, saa tano asubuhi naambiwa imeisha.

Mwalimu Sina Deni:
Saa tano ni mbali. Mimi jana niliweka GB nzima, nikafungua video moja ya kupika maandazi, kwisha.

Mkeka wa Mbele:
Maandazi?

Mwalimu Sina Deni:
Maandazi, ndiyo. Muulize mke wangu.

Mama Pacha:
Zima ile ya kujisasisha yenyewe, ndiyo inayokula. Mimi nilizima, bando la wiki linafika Jumatano.

Kombo la Bara:
Jumatano?? Mtandao gani huo nihamie leo leo?