Naomba ushauri: bosi anataka kila oda ihesabiwe mauzo

Mwana_Ligula: Wakuu, salaam. Niko Mtwara mjini, mchambuzi wa data kwenye kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni. Wateja wetu wengi hulipa mzigo ukifika. Msimu wa korosho oda zinamiminika kutoka Newala na Tandahimba, na nyingi zinarudi: mtu kaagiza simu kwa kutegemea mnada, korosho imeuzwa, pesa haijasoma benki. Sasa bosi anataka oda zote ziitwe mauzo kwenye ripoti ya wawekezaji. Silali. Niache kazi?

Ufuta_Nachingwea: Usithubutu! Mimi niliacha ajira nikaingia kwenye ufuta. Mvua ikakata mapema, nikavuna gunia nne. Mke akarudi kwao miezi mitatu.

MamaShangani: Mwanangu, mshahara wa uongo hauna baraka. Sali.

Fundi_Kanzidata: Weka safu mbili: oda zilizowekwa, oda zilizolipwa. Mtumie bosi kwa barua pepe, ibaki kumbukumbu. Ila mkuu, ripoti iliyopita ilienda na namba ipi?

Mwana_Ligula: Tuzungumzie hii ya sasa.

Fundi_Kanzidata: Nimekuuliza.

Mwana_Ligula: Ilienda na oda zote, hata zilizoghairiwa. Filta ya kuziondoa zilizoghairiwa niliitoa mimi. Lakini niliandika "thamani ya oda", sikuandika mauzo. Na juzi nimenakili faili zote kwenye flashi, ziwe kinga yangu wakinigeuka. Zina namba za simu za wateja, ndiyo, ila sina nia mbaya.

Fundi_Kanzidata: Hapo umeongeza kosa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wateja hao hawajagombana na bosi wako.

Jicho_la_Tatu: Chai hii. Kampuni ya hivyo na mchambuzi wake, Mtwara? Ofisi hizo ziko Dar.

Ufuta_Nachingwea: Hata mimi nilishangaa.

Mwana_Ligula: Ofisi iko Dar. Nimerudi nyumbani kumuuguza mama, nafanyia kazi huku. Ndiyo maana naogopa kuacha, dawa zinanitegemea mimi.

Boda_Tandahimba: Mwacheni, hajatunga. Msimu uliopita nilirudisha mizigo hiyo mpaka nikachoka. Mzee mmoja kaishika redio, kaiwasha, kanirudishia: "Mjukuu wangu, chama cha ushirika hakijatulipa." Mafuta yangu hakuna aliyeyahesabu.

MamaShangani: Pole kwa mama, mwanangu. Anaumwa nini?

Mwana_Ligula: Sukari, mama. Safu mbili nimeziweka, barua pepe nimeituma saa hizi. Flashi bado ninayo.

Fundi_Kanzidata: Ifute.