Kitabu cha mwezi kwenye grupu la ukoo: nani aliwaua watoto wa mfalme?

Zuhura: Haya wanaukoo mwezi unaisha, nani kamaliza The Daughter of Time? Mi nimemaliza na nasema wazi hiki ndo kitamu kuliko vyote tulivyosoma humu. Na siyo mi tu, waandishi wa riwaya za uhalifu huko Uingereza walipiga kura 1990 wakakiweka namba 1 kati ya 100

Juma: Mi sijagusa. Kafa nani

Zuhura: Juma bwana 😂 Watoto wawili wa mfalme, mkubwa miaka 12 mdogo 9. Baba yao kafariki 1483, wakawekwa kwenye ngome ya Tower pale London, baba yao mdogo Richard akachukua kiti, watoto hawakuonekana tena. Karne zote hizo anatajwa yeye. Sasa inspekta Grant wa Scotland Yard kavunjika mguu akimkimbiza mwizi, kalazwa, kachoka kuangalia dari, rafiki yake muigizaji kamletea rundo la picha za watu wa zamani, kufika ya Richard anasema huyu mbona hana sura ya muuaji. Basi kesi inafunguliwa upya palepale kitandani

Juma: Baba mdogo na yatima na mali. Hiyo kesi mbona ipo kila mtaa

Mamdogo Rehema: Mi nimekisoma zamu ya usiku na nina la kusema. Huyo Grant ni mgonjwa msumbufu. Manesi wanamgeuza wanamsafisha wanamletea chai, yeye mmoja kampa jina la Kibete mwingine Amazoni, majina yao ya kweli hata hayamshughulishi 🙄 Wagonjwa wa hivyo tunawajua sana, mguu umefungwa mdomo umefunguka

Zuhura: Mamdogo 😂😂😂

Mamdogo Rehema: Ila kuna sehemu mwandishi kaniweza. Anawapa watu ile picha waseme wanaona nini, nesi anaona mtu mwenye ini bovu, daktari anaona mtu aliyewahi kupata polio, sajenti wake Williams anaona jaji. Kila mtu kaona kazi yake! Sasa hapo si ungejua sura haisemi kitu? Wapi, yeye ndo kwanza anazidi kuamini kaona mtu mwema

Bamkubwa Seif: ASALAAM ALEYKUM WOTE. NIMEKISOMA CHOTE. MANENO YA REHEMA NI SAHIHI. KATIKA UPELELEZI SURA INATUMIKA KWENYE GWARIDE LA UTAMBULISHO TU, NA HAPO PIA SHAHIDI LAZIMA AWE ALIMUONA MTU MWENYEWE. MTU AKINIAMBIA AFANDE HUYU HANA SURA YA WIZI NILIKUWA NAMUULIZA SURA YA WIZI IKOJE

Zuhura: Shkamoo Bamkubwa. Lakini sura ni mlango tu wa kuingilia, kazi yenyewe anaifanya vizuri. Si uliona alivyomtupa Thomas More, yule mwandishi wa zamani aliyeandika habari za Richard? Kila kitabu cha shule kinasema Richard muuaji kwa sababu More kaandika hivyo, Grant anauliza swali la kipolisi kabisa, huyu shahidi alikuwa wapi siku ya tukio? Kumbe Richard anauawa vitani Bosworth 1485 More ni mtoto wa miaka 7 hivi. Na akakulia nyumbani kwa Morton, adui wa Richard, ambaye mfalme mpya Henry alikuja kumpa uaskofu mkuu wa Canterbury. Mi hapo niliruka kitandani

Bamkubwa Seif: HAPO NAMPA HESHIMA YAKE. USHAHIDI WA KUAMBIWA NA ALIYEAMBIA NI MTU MWENYE MASLAHI. UNATUPWA

Shangazi Mwajuma: Jamani samahani kukatiza, mchango wa sendoff bado watu sita hawajatuma. Mnajijua

Juma: 👀

Bamkubwa Seif: NAENDELEA. TATIZO LANGU NI NUSU YA PILI. AKISHAMSAFISHA RICHARD ANAMGEUKIA HENRY NA HAPO ULE UKALI WOTE UNAYEYUKA, ANASEMA HENRY ALIFUTA ILE SHERIA YA BUNGE YA 1484 ILIYOSEMA WATOTO SI WA NDOA HALALI, AKAAMURU NAKALA ZICHOMWE, KWA SABABU ALITAKA KUMUOA DADA YAO NA HAWEZI KUOA MTU ALIYETANGAZWA WA NJE YA NDOA, SASA AKIMHALALISHA DADA NA WALE WAVULANA WANAKUWA HALALI NA WANA HAKI YA KITI KULIKO YEYE, KWA HIYO ALIKUWA NA SABABU YA KUWAUA KAMA WALIKUWA BADO HAI. SAWA. SABABU IPO. LAKINI NANI ALIWAONA HAI WAKATI HENRY ANAINGIA LONDON?? HAKUNA HATA MMOJA. UKIPELEKA JALADA HILO KWA MWENDESHA MASHTAKA ANALIRUDISHA SIKU HIYOHIYO

Zuhura: Ila Bamkubwa na wa kumuona Richard anaua naye hayupo

Bamkubwa Seif: KWELI. KWA HIYO WOTE WAWILI NI WASHUKIWA. YEYE KAMWACHIA MMOJA KAMFUNGA MWINGINE

Asha Leicester: Naingia jamani nimetoka kazini sasa hivi. Mnajua huyo Richard ni jirani yangu? 😅 Mifupa yake ilifukuliwa hapa mjini 2012 chini ya maegesho ya magari, DNA ikathibitisha, 2015 wakamzika upya kwenye kanisa kuu, kila mgeni akija namtembeza pale. Uti wa mgongo umepinda kweli, ila kibyongo kile cha kwenye maigizo ya Shakespeare hakuwa nacho na mkono haukunyauka. Mwandishi alifariki 1952 hakuyaona haya

Mamdogo Rehema: Skoliosisi hiyo. Angevaa nguo zilizoshonwa vizuri wala usingejua

Asha Leicester: Ee ndo walivyosema. Sasa sikilizeni kuhusu ile picha aliyoitazama Grant, ile maarufu ya National Portrait Gallery, jumba la picha pale London. Siyo ya enzi zake, ni nakala ya mwishoni mwa karne ya 16, yani karibu miaka 100 baada ya jamaa kufa. Inspekta kasoma uso uliochorwa na mtu ambaye hakumuona

Juma: Weeee 😂😂

Bamkubwa Seif: KIELELEZO NAMBA 1 KIMEKUFA

Asha Leicester: Na bado. Kulikuwa na Muitaliano anaitwa Mancini, alikuwepo London mwaka huohuo 1483, akaandika kabla mwaka haujaisha kwamba watoto walizidi kuingizwa vyumba vya ndani, wakawa wanaonekana dirishani kwa nadra hadi wakaacha kuonekana kabisa, na watu walikuwa washaanza kuhisi mkubwa kauawa. Naye anasema wazi hajui kafaje. Andiko lake lilichapishwa 1936 na riwaya imetoka 1951. Kwenye kitabu mnamuona? Simuoni

Zuhura: Duh. Hilo sikujua

Asha Leicester: Pia Grant anasema Henry alipomshtaki Richard bungeni hakutaja watoto, anajenga hoja kubwa sana hapo. Lakini hati yenyewe inataja kumwaga damu ya watoto wachanga. Haikutaja majina, ila ipo

Bamkubwa Seif: SHAHIDI WA KARIBU HAKUITWA NA HATI IMENUKULIWA NUSU. HUYO INSPEKTA ANGEKUWA CHINI YANGU ANGERUDI DOREA

Zuhura: Mi bado nakipenda jamani mnisamehe. Mtu mmoja, kitanda, vitabu, yule kijana wa Kimarekani anayehangaika maktaba kwa niaba yake, hakuna risasi hakuna kukimbizana na huwezi kukiweka chini. Na mwishoni pale kijana anagundua hayo yote yalishaandikwa na wengine toka miaka ya 1600 na hakuna aliyebadilisha mawazo, mi paliniuma. Kitabu hiki ndo kimefanya watu wengi waanze kumtetea huyo mfalme

Mamdogo Rehema: Kizuri ni kizuri hatukatai. Tunachokataa ni hukumu

Juma: Sasa si wapime mifupa ya hao watoto kama walivyompima ami yao

Asha Leicester: Kuna mifupa ya watoto ilipatikana Tower mwaka 1674 chini ya ngazi, imehifadhiwa kanisa la Westminster Abbey. Mara ya mwisho kufunguliwa ni 1933, DNA haijapimwa, wahusika hawajatoa ruhusa

Bamkubwa Seif: BASI NINGEKUWA MIMI NINGEANZA NA BARUA YA KUOMBA KIBALI CHA KUPIMA HIYO MIFUPA. PICHA NINGEMRUDISHIA YULE MUIGIZAJI

Zuhura: Bamkubwa ukianza hivyo hakuna riwaya, ni ripoti ya kurasa mbili

Bamkubwa Seif: NA KESI INAKUWA IMEKWISHA