Kibarua analowa mgongo kwa dawa ya nyanya, maziwa yanasaidia?

Mshamba wa Ilula
Wakuu, vibarua wanapiga profenofosi 720, dawa ya kuua wadudu, kwenye nyanya kwa bomba la mgongoni la lita 20, dawa mililita 30 kila bomba. Kufika bomba la tatu mgongo umelowa, na mmoja analalamika kichwa na kichefuchefu. Maziwa wanakunywa kabla ya kuanza, barakoa za kitambaa wanazo. Tunakosea wapi?

Fundi Bomba
Anza na bomba lenyewe. Tia maji matupu, pampu mpaka mkono uwe mgumu, liweke juu ya gunia kavu dakika tano. Gunia likilowa, tafuta ufa kwenye kitako na pale mpira unapoingilia. Kisha liinamishe: likivuja juu, ni wosha ya mfuniko. Badilisha. Kuzungushia tyubu ya baiskeli hakuzibi, kunaficha tu. Nozeli ikiziba tumia bua la nyasi na maji, anayepuliza kwa mdomo anailamba dawa.

Bwana Shamba
Sawa, ila hatari kubwa iko kwenye kupima. Mililita 30 kwa lita 20 maana yake dawa ya chupani ni kali zaidi ya mara 600 kuliko ya kwenye bomba. Hapo glavu ni za mpira. Za pamba hunyonya dawa na kuigandisha kwenye ngozi. Suruali iwe nje ya buti, isichomekwe. Apige upepo ukitokea ubavuni, aelekee safu ambazo hazijapigwa. Anayepunga fimbo ya kupulizia mbele yake kisha akapita hapohapo anajipaka majani mabichi mapajani. Hizo barakoa za kitambaa zikilowa ni sponji puani. Tafuteni za kichujio cha mkaa.

Nesi wa Zamu
Maziwa hayazuii kitu, sumu hii inapita kwenye ngozi. Huyo wa kichefuchefu aache sasa hivi, siyo akimaliza bomba. Avue nguo, aoge kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Jasho hata jua linatoa, lakini mate yakimjaa, mboni zikasinyaa kama tundu la sindano, misuli ikachezacheza, hiyo ni sumu. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitali na chupa yenye lebo. Daktari akijua ni oganofosfeti, yaani kundi la sumu lenye profenofosi, atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, inaanza mapema.

Mshamba wa Ilula
Kazi imesimama, anaoga. Gunia limelowa katikati.

Fundi Bomba
Kitako. Kikiwa na ufa hakizibiki, nunua bomba jingine.