Naomba ushauri: kikundi chetu cha Katuba kikue vipi?

Baba, mama, bayaya na wadogo zangu, habari zenu. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba.

Mwezi uliopita kwenye kilio cha jirani, vijana walifunga njia kwa mawe, wakalizuia gari la maiti, wakadai pesa. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga kichwani. Akafungua fundo la leso yake, akawapa noti za michango. Wale vijana nawajua. Wamekulia katika uwanja wetu. Iliniuma sana.

Tukaanza kikundi cha watu 14: wa parokia, wa msikiti, Wakatanga, wenyeji wa hapa, na Wakasai, wenye asili ya Kasai, pamoja. Hilo la mwisho kwangu ni kubwa, maana wazee wanakumbuka jinsi Wakasai walivyofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993. Kila Jumamosi tunafanya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, kisha tunakaa na vijana kuongea juu ya heshima na ukweli.

Tunataka harakati hii ifike Bukavu, Goma, Kinshasa, nchi nzima. Tujiandikishe kwanza, kwa sheria namba 004/2001 ya mashirika yasiyo ya faida, au tukue kwanza mtaa kwa mtaa? Kuna mwanasiasa ametuahidi fulana na pesa. Mimi naogopa, wenzangu wanataka. Na wale vijana wa mawe, tuwaingizeje bila kuwaaibisha?

Mliowahi kujaribu, tafadhali niambieni mlianzia wapi.